Nia Njema Haipimi Maji

Waumini wa dini zote mbili kubwa za nchi hii hulelewa wakijua kwamba nia ndiyo roho ya tendo. Madrasani mtoto hujifunza kutia nia kabla ya kuswali na kabla ya kufunga. Kanisani huambiwa kwamba Mungu hatazami mkono unaotoa bali moyo ulioutuma. Ni mafundisho mazuri, na yamewaokoa wengi na ria. Lakini yamezaa pia tabia moja ambayo haijachunguzwa ipasavyo: mtu akiharibu, tukaridhika kwamba alitaka mema, tunafunga faili. Hakukusudia, tunasema, na baada ya hapo anayeendelea kuuliza ndiye anayeonekana mwenye roho mbaya. Ninauliza kama neno hilo linatosha pale ambapo anayepokea wema wetu hawezi kusema, hawezi kukimbia wala hawezi kukataa. Naona halitoshi. Katika hali kama hiyo kupima ni sehemu ya nia yenyewe, si kazi ya ziada iliyoachiwa mafundi. Hoja hiyo nitaijenga juu ya jambo dogo, chokaa ndani ya maji ya kidimbwi cha samaki na ya tangi la matumbawe, kwa sababu maswali ya maadili yakiachwa hewani kila mtu huyajibu apendavyo, ilhali kemia haibembelezeki.

Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Bahari ya Hindi, na si mahali pa kutafutia matumbawe. Chokaa hata hivyo si ngeni huko. Udongo wa sehemu nyingi za magharibi ya Kenya una asidi, na mbolea ya DAP inayotiwa msimu baada ya msimu huizidisha. pH ya udongo ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi, na fosforasi ya mbolea ileile iliyonunuliwa kwa bei kali hunaswa na udongo isiufikie mmea. Dawa yake ni chokaa ya shamba, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, kama yale yanayochimbwa Koru. Kisha kuna vidimbwi vya samaki. Mwaka 2009 serikali, chini ya mpango wake wa kuchangamsha uchumi, iliamua kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, na kidimbwi cha mita za mraba 300 kikawa kitu kinachojulikana hata mbali na ziwa. Maji yaliyokaa juu ya udongo wenye asidi huchukua tabia ya udongo huo. Ualkali wake, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti inayozuia maji yasichachuke, ukiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, mbolea inayotiwa kidimbwini haioteshi mwani wa kutosha na tilapia hawanenepi. Ndipo afisa wa uvuvi anapomwambia mfugaji atie chokaa.

Chokaa ipi? Hapo ndipo nia njema inapokutana na mtihani wake wa kwanza. Chokaa ya shamba ni kaboneti ya kalsiamu. Huyeyuka polepole, na ukizidisha kidogo haileti balaa, kwa sababu haiwezi kuipandisha pH mbali na 8. Chokaa ya kupaka nyumba, iliyochomwa tanuuni kisha ikazimwa kwa maji, ni haidroksidi ya kalsiamu, na hiyo ina ukali wa kuunguza ngozi. Zote mbili ni unga mweupe ndani ya mfuko. Ya pili ina kazi yake halali: hutandazwa kwenye kidimbwi kilichokaushwa ili kuua vimelea vilivyobaki kwenye tope, halafu maji hurudishwa na kuachwa yatulie, kwa kawaida wiki mbili hivi, kabla ya vifaranga kuingizwa. Ikimwagwa mahali ambapo samaki tayari wanaogelea, pH hupanda ghafla, na kupanda huko huamsha sumu iliyokuwa imelala. Taka za samaki na chakula kilichooza huacha amonia majini. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia hiyo iliyo katika umbo la sumu haifiki asilimia 1; kwenye pH 9 ni kama theluthi nzima; kwenye 10 ni sehemu kubwa. Samaki huja juu wakitwetea, matamvua yamevilia, na kufikia jioni wanaelea. Mfugaji hakubadilisha nia yake popote katika kisa hiki. Kilichobadilika ni unga.

Tangi la kioo la matumbawe hulikaza fundisho hilo zaidi, kwa sababu huko hakuna tope la kusamehe makosa. Matangi ya aina hiyo yapo kwa wingi Ulaya, Marekani na katika miji ya Ghuba, na samaki wa mapambo wanaokamatwa na wapiga mbizi wa pwani ya Kenya huishia humo. Tumbawe ni mnyama. Hana ubongo, ameshikamana na jiwe alilojijengea mwenyewe, na jiwe hilo hulijenga kwa kuchota majini vitu viwili, kalsiamu na kaboneti. Maji ya bahari yana kalsiamu ya miligramu 410 hivi kwa lita, na ualkali wa digrii 7 hivi kwenye kipimo cha KH ambacho wafugaji hutumia. Mwambani tumbawe linaweza kuchota mchana kutwa na bahari isijue kama imechotwa. Ndani ya lita 200, matumbawe yakikua vizuri, ualkali unaweza kushuka digrii nzima kwa siku moja. Kalsiamu nayo hushuka, ila macho hudanganyika hapa, kwa kuwa viwili hivyo huchukuliwa kwa uwiano usiobadilika: ualkali ukipungua digrii 1, kalsiamu hupungua miligramu 7 tu. Ualkali unaweza basi kuporomoka kutoka 8 hadi 5 na mnyama akawa taabani, huku kalsiamu imetoka 420 hadi 400 tu, kiwango kisichomdhuru. Mwenye tangi anaona rangi imefifia, anakumbuka kwamba mifupa ni kalsiamu, anafungua chupa yenye jina la kalsiamu kwa herufi kubwa, anamimina. Amempa chakula mwenye kiu.

Chupa zenyewe hazifanani, na kuchagua baina yake kunadai elimu kidogo. Kloridi ya kalsiamu huyeyuka haraka na kupandisha kalsiamu peke yake. Mwenzake wa lazima ni magadi, kaboneti au bikaboneti ya sodiamu, na viwili hivyo hutiwa kwa nyakati tofauti na mahali tofauti penye mkondo, kwa sababu vikikutana vikiwa vizito hugandana papo hapo vikawa chaki. Maji ya chokaa, yale yatokanayo na haidroksidi, huleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano uleule anaotumia tumbawe, na kwa tangi dogo ni njia nzuri na rahisi. Lakini pH yake hufika 12.4, hivyo huachwa yadondoke tone kwa tone usiku kucha kufidia maji yaliyovukizwa, wala si jagi zima kwa mkupuo. Unga wa makombe, vidonge vya mifupa vya duka la dawa, na ile chokaa ya shamba ya Koru havifanyi chochote vikitiwa ndani ya tangi. Maji ya juu ya bahari za joto tayari yamebeba kaboneti ya kalsiamu kuliko yanavyoweza kuyeyusha zaidi, kwa hiyo unga hushuka chini ukakaa kama mchanga. Mwenye tangi hulala akijua ametoa, na tumbawe halikupokea kitu. Magnesiamu nayo, ambayo watu wengi huisahau, isipokuwa karibu na miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu unayoongeza huganda kwenye pampu na hita badala ya kubaki majini.

Tazama kipimo kimoja kwa karibu. Mtu ana lita 200 na anataka kupandisha kalsiamu miligramu 20 kwa lita. Jumla anahitaji gramu 4 za kalsiamu. Kloridi ya kalsiamu iliyo na maji ndani ya chembe zake, ambayo ndiyo huuzwa mara nyingi, ina kalsiamu asilimia 27, kwa hiyo atapima gramu 15 hivi. Ile iliyokaushwa kabisa, inayofanana nayo kwa rangi, ina asilimia 36; gramu 15 zake zitapandisha miligramu 27. Kwa siku moja pengo hilo si kitu. Kwa anayerudia kila siku bila kupima, baada ya wiki mbili pengo limefika miligramu karibu 100. Ile kavu pia huyapasha maji joto kali inapoyeyuka, ndiyo maana unga hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala si unga kumwagiwa maji, tena kwa glovu na miwani, kisha maji hayo hupozwa kabla hayajasogezwa karibu na kiumbe yeyote. Ualkali nao haupandishwi zaidi ya digrii 1 hivi kwa siku hata ukiwa umeshuka sana, kwa sababu tumbawe huumizwa na mabadiliko ya ghafla zaidi ya linavyoumizwa na upungufu wa taratibu: ncha hupauka, nyama hubanduka, jiwe jeupe likabaki. Na akizidisha vyote viwili, maji hupiga ukungu mweupe. Kaboneti ya kalsiamu inaanguka kama theluji. Ukungu ukitulia, akipima atakuta kalsiamu iko chini na ualkali uko chini. Aliyetoa kupita kiasi amebaki na pungufu kuliko alivyoanza.

Kisa hiki kina maana ya kimaadili kwa sababu ya kitendo kilichotangulia chupa, kile cha kufunga. Bahari haimpendi tumbawe. Haina nia njema wala mbaya, na bado inamtunza kwa usahihi ambao hakuna mfugaji amewahi kuufikia, kwa ukubwa wake tu. Anayemtoa kiumbe baharini na kumweka katika lita 200 amekata uhusiano huo, na palepale amejitwika kazi yote iliyokuwa ikifanyika bila mtu kuombwa. Deni hilo lina umbo mahususi. Hadaiwi upendo, maana bahari haikuwa ikitoa upendo. Anadaiwa miligramu 410, digrii 7, joto fulani, chumvi kiasi fulani, leo na kesho na keshokutwa. Upendo unaweza kumpa nguvu ya kuendelea kulipa, lakini hauwi sarafu ya kulipia. Mwenye kidimbwi cha Kegonga yuko katika hali hiyohiyo, japo tilapia wake ni wa kuliwa: samaki wa ziwani maji yakimkera huhamia maji mengine, na yule wa mita za mraba 300 hana pa kwenda. Kadiri uzio unavyobana, ndivyo wajibu wa aliyeujenga unavyokuwa wa namba na kuacha kuwa wa hisia.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili ulitolewa na watu waliojifungia wenyewe. Septemba 1991 watu 8 waliingia Biosphere 2, jumba la vioo katika jangwa la Arizona, lenye msitu, mashamba na bahari ndogo ya matumbawe, wakakaa miaka miwili. Waliolibuni walitaka mashamba yashibishe watu, wakaujaza udongo mboji na vitu vinavyooza kwa wingi. Vijidudu vya udongo vikala karamu hiyo na kupumua. Kaboni dioksidi ikapanda, ikaingia majini, na bahari ile ikawa inachachuka mpaka ikalazimu kutiwa kaboneti ili matumbawe yasife. Huku nyuma oksijeni ilikuwa ikipungua, kutoka karibu asilimia 21 hadi chini ya 15, na Januari 1993 ikabidi iingizwe kutoka nje. Fumbo lilikuwa kwamba kaboni dioksidi iliyopatikana haikulingana na oksijeni iliyopotea. Hatimaye ilikutwa kutani: zege la jengo lilikuwa likiinywa na kuigeuza kaboneti ya kalsiamu, chokaa ileile. Rutuba iliyokusudiwa kuwalisha wakazi karibu iwanyime pumzi, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika mnyororo ule wote.

Pingamizi la kwanza hutoka kwetu wenyewe, na lina uzito. Mila zetu hazimwogopi mkarimu anayezidisha, zinamwogopa mchoyo. Pale karibu na Kendu Bay, Homa Bay, kuna Ziwa Simbi Nyaima, shimo la duara lenye maji ya magadi, na Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichomnyima bikizee mgeni chakula na mahali pa kulala. Mvua ikaja na kijiji kikazama, akasalimika mama mmoja aliyemkaribisha. Hakuna hekaya ya kijiji kilichozamishwa kwa kutoa mno. Kwa nini basi kuwafundisha watu kupima wema, wakati ulimwengu una uchoyo wa kutosha? Najibu kwamba bikizee wa Simbi alikuwa na kinywa. Aliomba, na angeweza kusema nimeshiba. Ukarimu usio na kipimo unafaa baina ya wenye kauli, kwa sababu kipimo kimo ndani ya mazungumzo: mgeni hukataa sahani ya tatu. Ondoa kauli, na kipimo lazima kitoke kwa mtoaji au kisiwepo kabisa. Halafu ziwa lenyewe, kwa anayependa kulisoma kwa jicho la kemia, linaunga mkono upande wa pili. Maji ya magadi kama ya Simbi yana kaboneti nyingi kiasi kwamba kalsiamu haikai ndani yake. Kila inapoingia huganda na kuzama. Wingi wa kimoja umekifukuza kingine.

La pili ni la kidini zaidi. Mungu ndiye mtoaji, watasema, na kushika vichupa vya vipimo kila asubuhi ni kuonyesha kwamba mtu haamini riziki. Sioni namna ya kukubali hilo. Aliyeamini kwamba Mungu aliiumba bahari hana budi kukiri kwamba aliiumba kwa kiasi; kalsiamu ya bahari kuu hutofautiana kidogo sana kutoka Lamu hadi Brazili. Kubahatisha hakumheshimu muumba wa kitu kilichopimwa hivyo. Wala mapokeo ya dini hayamwachi mtu mwenye nia njema na mikono mitupu ya maarifa aende huru. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alitenga ujinga ambao mtu hana njia ya kuuondoa na ule anaoweza tena anapaswa kuuondoa: wa kwanza humtoa hatiani, wa pili haumtoi. Wanazuoni wa fiqhi nao humtoza dhamana anayetibu watu bila kuijua tiba, hata kama alikusudia kuponya. Pande zote mbili zinakutana mahali pamoja. Nia inahesabiwa, naam, lakini mtu aliyetaka kweli matokeo fulani hutaka pia njia ya kuyafikia. Asiyejali njia alitaka kitu kingine, mara nyingi utulivu wa moyo wake mwenyewe. Vifaa vya kupima ualkali ni chupa ya matone na kijibomba cha kioo. Aliyenunua tangi, taa na pampu akaacha hivyo, hawezi kusema kwamba ujinga wake ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wake.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapambo ya maneno, kwani tumbawe halina ubongo, halijui kama linadhulumiwa, na dhuluma isiyohisiwa si dhuluma. Sina uhakika kwamba maumivu ndiyo mpaka wa maadili, na naona faida ya kumsikiliza mwanafalsafa wa Nyanza hapa. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alipendekeza tuufikirie ulimwengu kama familia ya mzazi mmoja yenye watoto waliofanikiwa na wasiofanikiwa. Alidai kwamba deni la asili ya pamoja hutangulia haki ya mtu kufurahia bahati yake, kwa sababu aliyefanikiwa hakujizaa. Alikusudia hasa mataifa tajiri na maskini, na sitaki kumlisha maneno. Ila mantiki yake haihitaji ubongo kwa upande wa anayestahili haki. Inahitaji asili moja tu na utegemezi. Kalsiamu iliyo katika mifupa yetu na katika jiwe la tumbawe imezunguka katika miamba na maji yaleyale. Kisiwani Rusinga, mabaki ya wanyama wa kale, pamoja na fuvu la nyani wa kale aitwaye Proconsul alilolipata Mary Leakey mwaka 1948, yalihifadhika kwa kuwa volkano ya Kisingiri ilimwaga majivu yenye kaboneti ya kalsiamu. Hilo halithibitishi kwamba tumbawe lina haki kama mtoto, na sidai hivyo. Linadhoofisha tu urahisi wa kulitia katika kundi la vitu. Na hata likibaki kitu, aliyelifunga bado ana deni, kama vile mwenye kukabidhiwa amana anavyodaiwa hata amana ikiwa haina pumzi.

Mtu wa Kegonga anaweza kuudhika kwa jambo tofauti kabisa: tangi la matumbawe ni anasa ya wenye pesa, na kujadili digrii za maji yao huku watoto wakikosa maziwa ni kejeli. Nakubaliana naye juu ya anasa. Lakini maskini ndiye anayepaswa kudai zaidi kwamba wema upimwe, maana yeye ndiye humwagiwa ule usiopimwa. Rudi kwenye vile vidimbwi 200. Idadi ilikuwa ileile kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, mahali pa chemchemi na mahali pa ukame, palipo na soko la samaki na pasipo nalo. Usawa huo ulikuwa wa karatasi. Chakula cha samaki na vifaranga vya ruzuku vilipokwisha, vidimbwi vingi nchini viliachwa vikakauka au kuota magugu. Serikali haikuwa na nia ya kuwadhuru wakulima, na hakuna anayedai hilo. Swali lilipaswa kuulizwa mapema, na vyombo vya kulijibu vilikuwepo: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) ina kituo chake cha ufugaji wa samaki Kegati, Kisii, si mbali na Kuria, na udongo unaweza kupimwa kabla ya jembe la kwanza. Shamba la mahindi nalo lina kisa hichohicho. Chokaa ikizidi, zinki, chuma na manganisi hukwama udongoni, na mkulima aliyetoka kwenye njaa ya asidi anaingia kwenye njaa ya madini mengine kwa gharama yake mwenyewe.

Limebaki pingamizi gumu kuliko yote, la wale wasemao kwamba kama kufunga kiumbe kunaleta deni zito namna hii, basi tusifunge. Tuache matumbawe baharini. Kwa tangi la sebuleni nakaribia kuwapa haki. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za baharini tangu 1968, na mwamba ulioachwa hauhitaji kijiko cha mtu. Tatizo ni kwamba bahari yenyewe imeanza kuwa uzio. Tangu viwanda vya makaa vianze, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1, na kwa jinsi kipimo hicho kinavyohesabiwa, asidi imeongezeka kwa karibu asilimia 30. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, ndani ya hifadhi na nje yake. Hakuna aliyeamua kuifunga bahari, lakini moshi umeifunga, na kanuni ya deni haiulizi kama kufunga kulikusudiwa. Wanasayansi tayari wamejaribu kijiko cha kwanza. Mwaka 2014, kwenye mwamba wa One Tree Island, Australia, walitia haidroksidi ya sodiamu katika maji yanayopita juu ya matumbawe, yakarudi karibu na hali ya kabla ya viwanda. Ujenzi wa jiwe ukaongezeka kwa asilimia 7 hivi. Kilichonivutia katika jaribio lile ni kwamba maji yalipimwa kabla na baada ya kupita mwambani, tena pamoja na rangi iliyochanganywa ili kujua ni kiasi gani kilichotawanyika tu na kiasi gani kilichotumiwa.

Sasa yako mapendekezo ya kumwaga chokaa au madini yanayofanana nayo baharini kwa meli, ili maji yanywe kaboni dioksidi zaidi na asidi ipungue. Wanaoyatoa wana nia ambayo sina sababu ya kuitilia shaka, na baadhi ya hesabu zao ni nzuri. Lakini kila kilichotokea ndani ya lita 200 kinaweza kutokea huko: chokaa iliyokolea mahali pamoja huganda, na ikiganda huanguka pamoja na sehemu ya ualkali uliokuwepo kabla. Wavuvi wa Wasini, Kipini na Pemba hawana chupa ya matone ya kupimia maji yao, wala wao na samaki wao hawataombwa idhini. Meli ya kwanza ikitokea mbele ya Lamu, mwenyewe asiulizwe anatutakia nini. Aulizwe ana vipimo vya miaka mingapi vya maji yale, vya misimu ya kaskazi na kusi yote miwili, nani alivipima, na ni namba ipi ikionekana ataagiza mabomba yafungwe.